Kiatu Kimoja Mlangoni

Bi Rukia, shikamoo.

Nimeiandika salamu nikakaa kungoja marahaba yako. Mazoea yana taabu. Leo Jumapili, adhuhuri imepita, watoto hawapo, nami niko nasari peke yangu. Nimekaa pale chini ulipokuwa ukikaa wewe, mgongo ukutani, na mlango nimeuacha wazi. Siufungi tena mlango huu nikiwa ndani, na sababu unaijua.

Nakuandikia kwa kuwa kesho navuka kwenda chuoni Kisauni kupeleka daftari langu la kumchunguza mtoto. Kabla sijalipeleka nataka uwe wa kwanza kusikia nilichoandika ukurasa wa mwisho. Ulistahili kukisikia ungali hai. Nilikuwa na mwezi mzima wa kukwambia, nikaumaliza kwa kukuletea uji na kukuuliza kama magoti yamepoa.

Kwanza nikupe habari. Mabati ya upande wa kibla yamebadilishwa, hatuweki tena sufuria kukinga mvua. Watoto wamezidi. Sikuwahesabu, usishtuke, nasema wamezidi kwa kuwa mkeka mmoja hauwatoshi. Wazee wa kamati ya msikiti wametuletea ubao mpya. Miaka ya themanini imekwisha nawe, hii ya tisini imeanza bila wewe, na Likoni nzima sasa inaniita Mwalimu. Kila wakiniita nageuka nyuma kukutazama.

Wewe ndiye uliyenipeleka chuo, hilo nalo watu wamelisahau. Mimi Mwanasiti, niliyekosa nafasi ya sekondari, niliyekuwa nikikusaidia kuwafuta watoto makamasi na kukoroga uji. Ulisikia kwamba chuo cha jamii kule Kisauni kinafunza walimu wa nasari wakati wa likizo, miaka miwili, na ukalivalia njuga. Ulinipangia nguo mkobani kwa mkono wako huku ukinicheka: "Wenda kusomea mchezo, Siti? Kwani kucheza nako kwafundishwa?"

Kwafundishwa, Bi. Tulifundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza, na mwalimu humtengenezea vya kuchezea kwa vitu anavyookota. Likizo ya kwanza nilirudi na gunia la vifuniko vya soda, maboksi na makopo ya maziwa. Mtaa mzima ulinisimanga, na wewe ulicheka mpaka tambuu uliyokuwa ukiitafuna ikakupalia. "Twamtuma chuoni, arudi na jaa!" Lakini jioni ile ile ulikaa nami ukatoboa vifuniko kwa msumari, ukavitunga uzi, na asubuhi watoto wakawa na kayamba zao.

Ningependa barua iishie hapo, pa kucheka.

Bi, watu hawajui ulivyofanya kazi yako. Kila asubuhi watoto walivua champali zao hapa kizingitini, nawe ukazipanga safu moja, pua zikielekea ndani. Watoto hukuwahesabu. Kumnyoshea kidole mwana wa mtu, mmoja, wawili, watatu, ulikuona ni kumwitia husuda. "Wahisabu viatu, mwanangu. Wana wa watu hawahisabiwi." Na adhuhuri ulisimama mlangoni, kila mtoto akachukua chake, na hukuondoka mpaka kizingiti kiwe kitupu. Kisha, ingawa macho unayo, uliniuliza: "Viatu vimekwisha?" Nami hujibu, vimekwisha, Bi. Ndipo ukafungua pindo la leso, ukatoa ufunguo, ukafunga kufuli.

Na vile viatu ulikuwa ukivisoma. Champali ya kulia imevaliwa kushoto: "Huyu kajivika mwenyewe leo, mamake hayuko." Kanda imefungwa kwa waya: "Babake hana kazi, mzidishie uji." Kisigino kimelika upande mmoja, ukaniambia nimwangalie anavyotembea, na kweli alikuwa na donda chini ya unyayo. Mimi nilidhani ni vijimaneno vya kizee tu vya kupitishia asubuhi.

Chuoni tulikuwa na mkufunzi, Mwalimu Kadzo, mwanamke mpole asiyepaza sauti. Alitufunza kuchagua mtoto mmoja, kukaa pembeni na daftari, na kuandika tunachokiona bila kuongeza letu. Aliita kumchunguza mtoto. Niliona elimu kubwa imenishukia. Nilirudi kwako na rejista yenye mistari myekundu, na siku ya kikao cha wazazi nikasema mbele yao wote kwamba mambo ya kupanga viatu ni ya watu wasiosoma, sasa tutaita majina. Uliniangalia kidogo. "Haya, mwanangu," ukasema, ukaendelea kutafuna.

Ile haya yako naisikia mpaka leo.

Halafu ikaja siku ya mkufunzi kuja kunitazama nikifundisha. Nilikwambia ubaki nyumbani upumzishe magoti. Haikuwa magoti, Bi. Nilikuonea haya. Nilionea haya tambuu yako, na kukaa kwako chini, na majina uliyowabandika watoto, huyu Kijogoo, yule Bibi Harusi. Nilitaka Mwalimu Kadzo aone nasari ya kisasa. Ulijua, bila shaka ulijua, maana hukubisha. Ulifungua pindo ukanipa ufunguo, mara ya kwanza tangu nikujue, ukaenda kukaa barazani kwako ng'ambo ya njia.

Hapa kizingitini nilitaka kuweka duka la kuchezea, lenye makopo na mizani ya vifuu. Champali zilinibania nafasi. Nikazitia zote guniani, nikalitupa gunia uani. Pembe ile nyingine nilifanya nyumba ya kuchezea, kwa pazia la leso na kitanda cha maboksi. Nikaita rejista, wote wapo. Mambo yalikwenda vizuri mno. Walinunua, wakauza, wakapika mchanga, na Mwalimu Kadzo akawa anaandika huku akitabasamu.

Athumani, mtoto wa Mishi, wa miaka minne, alilala katika ile nyumba, nyuma ya leso. Mishi ndiye yule dobi wa hoteli ya Shelly Beach, huondoka alfajiri, mtoto humwachia nyanyake. Adhuhuri nilimwaga gunia uani, watoto wakagombania champali, wengine wakakimbia miguu mitupu, mimi nimeshughulika na mgeni wangu. Nilifunga kufuli. Nilipita mbele ya baraza yako na Mwalimu Kadzo, nawe ukauliza, kama siku zote: "Viatu vimekwisha?"

Nikasema, vimekwisha, Bi.

Sikuwa nimetazama. Sikugeuza hata shingo. Nilikujibu kama mtu anavyojibu salamu njiani, na champali mbili za Athumani ziko uani chini ya gunia.

Nilivuka feri na Mwalimu Kadzo mpaka Kisauni, kwa kuwa alilipenda duka langu akataka niwaeleze wenzangu waliokuwa na kikao chuoni siku ile. Nataka ulijue na hilo: wakati ule ule mtoto analia, mimi nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikisifiwa. Nilipigiwa makofi.

Yaliyofuata niliyasikia kwa majirani. Nyanyake Athumani alituma mtu kuuliza mbona mtoto haji kula. Hukuuliza swali. Ulivuka njia, ukainua gunia, ukaziona champali. Ulituma msichana anikimbilie kule feri, bila kumwambia kwa nini, nami nimeshavuka, na mwingine aende kutafuta fundi mwenye mtaimbo. Kisha ukakaa chini kwenye changarawe, na magoti yale, kwenye jua la saa nane, ukaweka mdomo kwenye ule upenyo chini ya mlango. Ndani chini ya mabati kulikuwa na joto la kumtoa mtu roho. Walisema mtoto alikuwa akipiga mlango kwa kichwa. Ulimsemesha, akawa hanyamazi. Ndipo ukavua kubadhi lako la mguu wa kushoto, lile ulilolishona kwa uzi mwekundu, ukalipitisha chini ya mlango.

"Nishikie kiatu changu, baba. Siwezi kwenda nyumbani na kimoja."

Akanyamaza. Fundi alikuja alasiri. Muda wote ule ulikuwa ukimsimulia, ukimwimbia, ukimuuliza, kiatu changu kipo? Naye ndani akijibu, kipo. Walipovunja kufuli alitoka amelikumbatia kubadhi kifuani, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Mishi alifika anakimbia na nguo za kazi. Nawe, mbele ya watu wote, ukasema: "Nimemfungia mimi, mwanangu. Nimesahau, na ufunguo nimeupoteza." Watu waliamini, kwani lini ufunguo ule ulitoka pindoni mwako? Alikutukana. Alikuita kizee mwenye wazimu, akakwambia kafungie wajukuu zako. Uliinamisha kichwa na kumwomba radhi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu Kisauni.

Nilirudi inakaribia magharibi. Mlangoni kwako niliona kubadhi moja peke yake. Niliingia nalia, ukanionyesha kidole mdomoni. "Una mtihani wako, Siti. Nyamaza, umalize." Nikanyamaza. Bi, nilinyamaza upesi mno. Sikubisha hata mara moja, hata ya kujifanya. Moyoni, chini ya kilio chote kile, nilishukuru.

Wazazi wengine waliwatoa watoto. Wazee wa kamati walikuja kwako kwa adabu wakakwambia sasa upumzike, nasari tumempa huyu aliyesoma. Miaka uliyokaa kwenye mlango huu inazidi umri wangu, wakaumaliza mwendo wako kwa kikombe kimoja cha kahawa. Nami nilikuwa hapo hapo, nashika sinia.

Viatu nilivirudisha kizingitini siku ya pili yake, bila kumwambia mtu kwa nini. Kila adhuhuri uliniuliza kutoka barazani, ng'ambo ya njia, sauti imeshachoka, "Viatu vimekwisha?" Nikajibu kwa kupaza sauti. Mpaka siku moja hukuuliza. Mtoto wa mwisho amechukua champali, mimi nimesimama na kufuli mpya mkononi, nangoja. Nilingoja muda mrefu. Sikutaka kuvuka, maana nilishajua. Ulikuwa umekaa vile vile, mgongo ukutani, tasbihi imeanguka mapajani.

Nilikuosha pamoja na wanao, Allah akurehemu. Nilikuosha miguu. Unyayo wa kushoto ulikuwa na alama za changarawe, au niliziona mimi tu.

Baada ya khitma nilifungua nasari, na asubuhi ya pili, katikati ya safu ya champali, nikaliona kubadhi lako. La kushoto. Uzi mwekundu. Pua inaelekea ndani.

Nywele zilinisimama, wallahi. Nilisoma Ayatul Kursi nikavunja vunja aya, mimi niliyefundishwa na wewe. Sikuligusa. Adhuhuri halikuwapo. Asubuhi yake lipo. Adhuhuri halipo. Sikumuuliza mtu, kwa kuwa ningeuliza ningeulizwa na mimi. Nilianza kukusikia. Watoto wakishaondoka, nikiwa na kufuli mkononi, swali lako linavuka njia kama zamani, na baraza yako tupu. Nilikuwa najibu, Bi. Najibu kwa sauti, vimekwisha, vimekwisha, watu wakipita wananishangaa. Nilikonda mpaka Mwalimu Kadzo akaniuliza kama naumwa.

Na daftari la mtoto, kazi ya mwisho ya chuo, lilikuwa linangoja. Ilikuwa lazima nichague mmoja. Nilimchagua Athumani, na niliwaambia chuoni kwamba ni kwa sababu ni mtulivu. Ukweli ni kwamba macho yangu hayakuweza kumwacha. Tangu siku ile haketi mpaka mlango uwe wazi. Upepo ukiusukuma ukajifunga, hulala chini kifudifudi na kuchungulia kwenye upenyo. Halii. Huchungulia tu, kisha huja kukaa.

Basi nikafanya kama nilivyofunzwa. Nilikuja mapema, nikakaa pembeni, nikafunga mdomo, nikaandika ninachokiona. Athumani alifika wa kwanza. Alivua champali zake, akatia mkono ndani ya shati, akatoa kubadhi lako, akaliweka kando ya zake. Akalinyosha. Akaingia.

Niliweka daftari chini. Nilimwita, nikamuuliza kiatu kile ni cha nani. "Cha Bi." Kwa nini unakuja nacho kila siku? "Asende nyumbani." Yuko wapi Bi? Alinishangaa, kama ambaye anaulizwa mlango uko wapi. Akanivuta kidole mpaka kizingitini, akaurudishia mlango, akalala chini akachungulia nje kwenye upenyo, akanionyesha nami nilale. Nililala, Bi. Niliweka shavu langu kwenye vumbi pale ulipoweka mdomo wako, na kwa kitambo, Mungu anisamehe, nilitazamia kukuona.

Kitabu cha chuo kinasema mtoto wa umri huo hajui kwamba kufa ni kwenda moja kwa moja. Nilijua kuyajibu hayo kwenye mtihani. Sikujua kuna mtoto ambaye kila siku anabeba kiatu cha mtu mzima ndani ya shati, akiamini kwamba akikisahau siku moja nyumbani, wewe utaondoka, na itakuwa kosa lake.

Niliyaandika yote niliyoyaona. Mwalimu Kadzo alisoma, akavua miwani. Alisema ndiyo kazi bora aliyosoma mwaka huu, ila pameachwa pengo. Chini ya neno chanzo nilikuwa nimeandika: hakijulikani. Alisema, "Mwanasiti, mtoto huyu alifungiwa. Nani alimfungia? Kamuulize mama yake, uniletee Jumatatu."

Nilikuwa na njia mbili, na zote mbili nilizitembea kichwani mpaka nikachoka. Ningeweza kuandika kwamba alifungiwa na mwalimu mzee aliyesahau. Ndivyo Likoni nzima inavyojua. Wewe mwenyewe ndivyo ulivyosema. Ningepata cheti changu, nikabaki na ubao mpya, na kila adhuhuri ningeendelea kukujibu uwongo.

Ijumaa alasiri nilikwenda kwa Mishi, siku yake ya mapumziko. Alikuwa anaanua nguo. Nilimwambia yote, kuanzia gunia mpaka makofi, na nikamwonyesha ufunguo wa kufuli ya zamani. Sikumwambia kwa ustadi, nilirudiarudia. Aliendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe, mpaka akaimaliza. Nilingoja matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alisema, "Nilimtukana mlangoni mwake naye aniomba radhi." Kisha, "Sasa nitamwambia nani mimi?" Akaketi juu ya shuka alizozikunja. Hakunisamehe, Bi. Aliniambia nende zangu, na alikuwa na haki. Nilidhani nikisema nitatua mzigo. Niliugawa tu, nikamwachia nusu mtu asiye na kosa.

Jana nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati nikamweleza na yeye. Nilimwekea ufunguo mezani. Watakutana wiki hii waamue kama nasari hii bado ni yangu. Mwalimu Kadzo naye ataamua la cheti kesho, akishasoma ukurasa wa mwisho. Pale penye chanzo nimefuta neno hakijulikani. Nimeandika: Alifungiwa na mimi. Niliulizwa kama viatu vimekwisha nikajibu bila kutazama. Bi Rukia alikaa naye mpaka mlango ukavunjwa, kisha akajitwika kosa langu. Nimeandika pia ulivyokuwa ukisoma viatu, ya waya, ya kisigino, ya kulia na kushoto. Nimewaambia kwamba kumchunguza mtoto nilifundishwa Likoni kabla sijavuka kwenda chuo, ila sikuwa nasikiliza.

Bi, naogopa. Sina pa kwenda wakininyang'anya mlango huu.

Lakini wakiniacha, na hata wasiponiacha, kuna mtoto. Kesho asubuhi, kabla ya feri, Athumani akija wa kwanza, nitakaa naye chini kizingitini. Mishi amekubali kuwapo, hilo tu ndilo alilolikubali. Nitamwambia kwa maneno ya miaka minne kwamba umekufa, kwamba hukai tena nyuma ya mlango, na kwamba hukwenda kwa sababu ya kiatu, uliondoka kwa kuwa mwili ulichoka. Nitamwambia aliyemfungia ni mimi. Akitaka kuendelea kukileta aendelee, mahali pake patakuwapo kwenye safu mpaka siku atakayokiacha nyumbani mwenyewe. Na popote nitakapofundisha, chini ya bati au chini ya makuti, nitapanga viatu, na sitafunga mlango mpaka nitazame kwa macho yangu. Hiyo ndiyo ahadi yangu, sina nyingine ya thamani.

Lala, Bi wangu. Umekaa kwenye changarawe vya kutosha.

Nimesimama sasa, nafunga. Nakusikia ng'ambo ya njia unaniuliza, nami kwa mara ya kwanza tangu siku ile nimetazama chini kabla ya kukujibu. Ijumaa Athumani aliondoka na mamake mapema, mkono kwa mkono, akalisahau kubadhi lako hapa kizingitini.

Havijakwisha, Bi. Kimebaki kimoja.

Mwanao,
Mwanasiti